Ndege hawaji bustanini, au wanakuja na picha hazitoki: kagua hapa kwanza

Picha ya ndege ikiharibika watu wengi wanakimbilia kuulizia lenzi kubwa zaidi. Mi nasema ngoja kwanza. Ukiwa unapiga picha nyumbani kwako, lenzi ndo kitu cha mwisho kulaumu, kabla yake kuna ndege mwenyewe, kuna umbali, kuna mwanga, kuna mkono wako, na hivyo vyote unavirekebisha bila kutoa hata senti. Afu picha mbovu huwa inajieleza yenyewe ukiikuza na kuikagua badala ya kuifuta kwa hasira. Nimepanga kwa dalili, tafuta inayokuhusu, zingine ruka.

Hamna ndege hata mmoja

Kama chombo cha chakula umekiweka juzi tu, kiache. Ndege wa porini akiona kitu kigeni kwenye eneo lake anakaa nacho mbali, inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki kadhaa ndo athubutu, na kila ukikihamisha unaanza hesabu upya. Akishazoea mmoja wengine wanafuata haraka maana wanaangaliana sana.

Wiki zikipita na bado kimya, angalia chombo kimekaa wapi. Mara nyingi unakuta kimetundikwa peupe katikati ya uwanja kwa sababu mwenye nyumba anataka kuona vizuri. Sasa ndege mdogo hatui peupe moja kwa moja, anatua kwanza kwenye tawi, anageuza kichwa huku na huku, anashuka chap, anadaka punje, anarudi tawini kuila. Akikosa hilo tawi la kusimamia haji. Na ukienda upande wa pili ukakichomeka ndani ya kichaka kabisa, paka anajificha humohumo. Mita 2 hadi 3 kutoka kichakani panatosha, ndege akistuka ana pa kukimbilia na paka hawezi kumrukia bila kuonekana.

Lingine ni chakula chenyewe. Mbegu zinaita wala mbegu, yaani shomoro, njiwa na jamaa zao. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, yeye anatafuta maua yenye nekta, na wale wanaoishi kwa wadudu hawana habari kabisa na mtama wako. Kama umepulizia dawa bustani nzima basi hao umeshawafukuza wewe mwenyewe, na sio hao tu, hata wala mbegu wengi huwalisha makinda wao wadudu kwa sababu kinda anahitaji protini ili akue. Mkate achana nao, unajaza tumbo bila lishe ya maana, na masalia yenye chumvi usiwape kabisa, chumvi inawadhuru.

Ukiniambia nichague kitu kimoja tu cha kuanza nacho nitakwambia maji, sio chakula. Wala mbegu wanakunywa, wala wadudu wanakunywa, na karibu wote wanaoga. Ila hapa napo watu wanakosea kwenye kina, wanaweka beseni refu lenye kingo za kuteleza afu wanashangaa ndege anasimama ukingoni, anachungulia, anaondoka. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha, na katikati weka jiwe lenye sura ya kukwaruza ili apate pa kushikilia kucha. Kama bado hawaoni, tundika juu yake chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu la pini ili maji yadondoke tone moja moja, tone likigonga maji linatikisa uso wake na ndege wanaona na kusikia toka mbali. Maji yabadilishe kila siku au kila baada ya siku 2, la sivyo unafuga mbu.

Walikuwepo, wamepotea

Swali ni moja tu, walipotea ghafla au walipungua taratibu?

Ghafla, yaani bustani ilikuwa na kelele afu ndani ya dakika moja kimya kimetanda, tazama juu. Kuna mwewe au kipanga mahali. Usifanye chochote, wakiona hatari imepita wanarudi wenyewe. Kama wamepotea ghafla na siku zinapita, tafuta paka mgeni, au chungulia chakula, mbegu zikilowa zinaota ukungu na ndege hazigusi, na ni vizuri wasiziguse maana ukungu huo unaua.

Wakipungua taratibu mara nyingi ni msimu. Mbegu na matunda ya porini yakiiva wanakula huko, chakula chako kinakuwa cha akiba. Afu baada ya kulea makinda aina nyingi zinabadilisha manyoya, kipindi hicho kuruka kunakuwa shida kidogo kwa hiyo wanajificha na hawaimbi. Hapo hamna cha kurekebisha, endelea na maji, subiri.

Ila ukimwona ndege amejivimbisha manyoya kama mpira, macho nusu yamefumba, amekaa palepale kwenye chakula na hata ukisogea haruki, huyo ni mgonjwa, na chombo chako kinaweza kuwa ndo kinasambaza. Toa vyombo vyote kwa wiki 2 ili watawanyike. Vioshe kwa sabuni kwanza, afu dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza mpaka harufu iishe, anika vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Vaa glavu, bakteria wa salmonella wanaowaua ndege wanampata na binadamu. Na kwa siku za kawaida osha kila wiki moja au mbili hata kama hamna mgonjwa, hili watu wanalipuuza kuliko yote halafu wanajiita wapenda ndege.

Nikitokea tu wote wanaruka

Watu wanahangaika na rangi ya nguo, sijui vazi la jeshi, wakati kinachomstua ndege zaidi ni mwendo. Ndege wengi wa bustanini macho yao yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anakuona hata akiwa amekupa mgongo nusu, usijidanganye kwamba utamnyatia kwa nyuma. Anachojua yeye ni kwamba kitu kinachokuja kwake moja kwa moja kina nia mbaya. Ukilazimika kusogea, sogea kwa mshazari, simama, angalia kando, sogea tena. Akinyoosha shingo na kubana manyoya mwilini, ganda hapohapo, hiyo ni alama ya kwamba amekushtukia na hatua moja ya ziada anaondoka.

Lakini ukweli ni kwamba kumfuata ndege ni kazi ya hasara, afadhali umsubiri. Kaa sehemu ileile, saa ileile, uwe kama sehemu ya bustani. Weka kiti kabla hawajaamka, kaa chini ili umbo lako la binadamu lisionekane dhidi ya anga, na kamera ikae juu ya tripodi tayari inaangalia tawi, maana kinachowafukuza mara nyingi ni ile kunyanyua mikono ghafla kupeleka kamera usoni. Shuka la rangi iliyopoa lililofunikwa juu ya kiti na tundu la lenzi linatosha kabisa kuwa maficho. Kama wanastuka kwa mlio wa shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kujifunga ukipiga picha, nenda kwenye menyu weka modi ya kimya, na kwenye simu zima sauti ya kamera na taa ya flashi.

Kuna wanaowapigia ndege sauti za wenzao kwenye simu ili watoke. Acheni hiyo. Dume akisikia mlio anaacha kula, anaacha kulinda kiota, anazunguka kumtafuta adui ambaye hayupo, na wewe umepata picha ya ndege mwenye wasiwasi.

Anagonga dirisha

Hapa kuna mambo mawili tofauti. Yule anayerudi kila siku kwenye kioo kilekile, anadonoa, anapiga mbawa, anapumzika, anaanza tena, huyo anapigana na picha yake, anadhani ni dume mwingine kaingia kwenye eneo lake. Funika kioo kwa upande wa nje kwa muda, karatasi au hata sabuni iliyopakwa, kwa ndani hakusaidii maana mng'ao unabaki. Msimu wa kuzaliana ukiisha ataacha.

Yule anayekuja kwa kasi na kugonga mara moja puu, huyo hakuona kioo, aliona miti au anga vilivyoakisiwa. Kuna watu wanabandika stika moja ya mwewe katikati ya kioo, haisaidii, ndege anaikwepa tu anagonga pembeni. Alama zinatakiwa kujaa kioo kizima, upande wa nje, nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5. Na chombo cha chakula kiweke karibu sana na dirisha, chini ya mita 1, ili akiruka asiwe amepata kasi ya kujiumiza, au kipeleke mbali zaidi ya mita 10. Pale katikati ndo pabaya.

Kwenye picha ndege ni kadoa

Haya sasa tumefika kwenye kamera, na hapa ndo ile hoja ya lenzi inapojibiwa kwa hesabu. Chukua ndege wa sentimita 12, kamera yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya saizi ya APS-C ambayo upana wake ni kama milimita 24, lenzi ya 300mm, namba ikiwa kubwa ndo inavuta zaidi. Akiwa mita 10 anachukua kama asilimia 15 ya upana wa picha, kadoa. Lenzi ileile, ndege yuleyule, akiwa mita 3 anachukua zaidi ya nusu ya picha. Ili upate ukubwa huo toka mita 10 ungehitaji lenzi ya kama 1000mm. Sasa kipi rahisi, kununua hiyo au kusogeza chombo?

Kwa hiyo sogeza chombo taratibu, mita moja moja kila baada ya siku kadhaa, mpaka kiwe mita 3 au 4 toka kwenye maficho yako. Cheki tu lenzi yako inaanzia kufokasi wapi, nyingi za 70-300 zinakubali kwenye mita 1 na nusu hivi, ila zile ndefu za 150-600 nyingine zinataka mita 2 na zaidi, ukiwa karibu kuliko hapo itahangaika kwenda na kurudi bila kushika kitu.

Na msipige picha ndege akiwa kwenye chombo, plastiki inaharibu kila kitu. Chomeka tawi kavu lenye sura nzuri nusu mita toka kwenye chombo, upande wenye mwanga, maana nimeshasema hapo juu, lazima atue mahali kabla ya kushuka. Ukitoa sehemu zingine zote za kutua zilizo karibu, atatua kwenye tawi lako, tena atatua karibu palepale kila mara. Unafokasi hapo mapema unangoja. Nyuma ya tawi hakikisha majani au ukuta uko mbali, mita 5 na kuendelea, ndo unapata ule usuli laini ambao watu wanadhani ni bei ya lenzi.

Wa simu, zumu ya kuvuta kwa vidole ikishapita zumu halisi ya lenzi za simu inakata tu picha na kuikuza, haiongezi kitu. Cha kufanya ni simu iende kwa ndege, sio ndege aje kwa simu. Ifunge kwenye tripodi ndogo nusu mita toka kwenye tawi, gusa skrini kwenye tawi na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, afu kaa mbali na rimoti ya bluetooth. Siku ya kwanza watailalamikia, baadaye wataizoea kama jiwe. Njia nyingine ni kuweka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, inafanya kazi, ila bila kishikio cha kuibana utakuwa unapiga picha ya duara jeusi.

Haiko shapu

Hii ndo dalili inayoletwa na kila mtu, na ina magonjwa kama matano tofauti yanayofanana kwa mbali. Kuza picha mpaka mwisho na ujiulize, kuna kitu chochote kilicho shapu humu ndani?

Kama hamna, na kila kitu, tawi, majani, ndege, vimeburuzwa kuelekea upande mmoja, vinukta vya mwanga vimekuwa vistari, huo ni mkono wako. Kanuni ya zamani ni kwamba spidi ya shata isipungue sekunde 1 gawanya kwa urefu wa lenzi, 300mm basi 1/300 ya sekunde, na kwa APS-C zidisha kwa 1.5, kwa hiyo 1/500 hivi. Egemea kitu, bana viwiko kwenye mbavu, bonyeza kitufe taratibu usikidunge.

Kama tawi liko shapu kabisa mpaka unahesabu nyuzi za gome lakini ndege amefutika kichwa au mkia, ni ndege aliyecheza. Hapa kitulizaji cha lenzi hakikusaidii hata kidogo, chenyewe kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Watu wengi hawajui hilo, wanakiwasha wanashuka mpaka 1/60 kwa kujiamini. Ndege mdogo hata akiwa ametulia kichwa chake kinaruka ruka kama mshale wa saa, kinasimama, kinaruka, kinasimama. Panda 1/1000, kama mwanga hautoshi basi 1/500 na upige mfululizo picha nyingi, kati yake itapatikana moja iliyodakwa kichwa kikiwa kimesimama. 1/250 ni kwa njiwa aliyeshiba.

Kama ndege ni ukungu ila jani la mbele yake au ukuta wa nyuma uko shapu, ni fokasi imeenda kwingine. Kamera ukiiachia oto nzima inapenda kitu kilicho karibu au chenye mistari mikali, na bustanini hivyo vimejaa. Tumia nukta moja ndogo ya fokasi na uiweke kwenye jicho, au washa utambuzi wa macho ya wanyama kama kamera yako inao. Kwa anayetembea tembea tumia fokasi endelevu inayomfuata ndege, AF-C, kwa Canon inaitwa Servo. Ukiona hata utambuzi wa macho unachanganyikiwa ndani ya matawi, rudi kwenye nukta moja, au zungusha pete ya lenzi kwa mkono, kwa tawi lililopangwa mapema hiyo ndo njia ya uhakika kuliko zote.

Kama jicho na mdomo viko shapu halafu mkia umeyeyuka, hamna ugonjwa. 300mm kwa f/5.6 (namba ya tundu la ndani ya lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo) kwenye mita 3, unene wa eneo lililo shapu ni sentimita 2 hadi 3 tu, yaani ndege mwenyewe ni mrefu kuliko fokasi yako. Ukitaka wote awe shapu mngoje akae ubavu, sambamba na kamera, au funga tundu la lenzi mpaka f/8 au f/11 kama mwanga upo. Mimi nikipata jicho shapu siulizii mkia.

Ya tano ndo inayochosha watu, kila kitu kimepauka kama kuna maziwa, kingo zimejirudia mara mbili mbili, na hakuna mpangilio unaosaidia. Unapiga kupitia kioo. Safisha kioo ndani na nje, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, na iangalie kioo wima sio kwa mshazari, kadri unavyoinama ndivyo unavyopita kwenye kioo kinene zaidi. Zima taa za chumbani, tundika nguo nyeusi nyuma yako. Ukiweza fungua dirisha, ila kama ndani kuna baridi ya kiyoyozi na nje joto, hewa inayochanganyika pale dirishani inachezesha picha kama mvuke juu ya sufuria, ngoja joto lilingane. Na kamera iliyotoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu itapata ukungu kwenye kioo, usiifute futa, itoe ikiwa ndani ya begi lililofungwa iachwe nusu saa hivi. Wavu wa mbu nao, ukipiga kupitia wavu umejitakia.

Jambo dogo kabla sijatoka hapa. Wakati mwingine kila kitu ni shapu ila jicho limekuwa jeupe la bluu bluu kama la kipofu, na mtu anadhani ndege anaumwa au kamera imekosea. Ndege wana kope la tatu, utando mwembamba unaopita juu ya jicho toka pembeni kulisafisha, na wewe umepiga sekunde hiyohiyo. Ndo maana napiga tatu tatu hata ndege akiwa ametulia. Chagua ile yenye kinukta cha mwanga kwenye jicho, bila hicho kinukta ndege anaonekana amekaushwa.

Ndege mweusi tii, au mweupe bila manyoya

Ndege juu ya waya na anga jeupe nyuma, kamera inaona mwanga mwingi inapunguza, unapata kivuli chenye mdomo. Ongeza fidia ya mwanga, ule mpangilio wa kuangaza au kufifisha picha, +1 hadi +2, anga liungue tu, hukuja kupiga anga. Ndege mweupe mbele ya kichaka cheusi ni kinyume, kamera inaongeza, manyoya yanakuwa karatasi tupu, shusha -1. Manyoya meupe yakishaungua hamna programu itakayoyarudisha, kwa hiyo nikiwa na shaka napiga giza kidogo, tena kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ndege mweusi akijaza fremu anatoka wa kijivu, mshushe naye kidogo.

Saa 7 mchana jua la utosi hakuna mpangilio utakaokuokoa, kivuli chini ya tumbo na jicho halionekani. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza, na zile za mwisho kabla halijazama, ndo ndege wanakula sana na ndo mwanga unaingia kwa ubavu. Bahati hiyo itumieni.

Chenga. Picha imejaa chenga, vile vipunje punje, wanasema ISO, yaani kiasi kamera inavyoukuza mwanga, iko juu. Ni kweli, lakini kati ya picha yenye chenga na picha iliyotikisika, chenga zinapunguzwa na programu, kutikisika hakutibiki. Pandisha ISO bila woga mpaka upate spidi unayotaka. Kinacholeta chenga mbaya zaidi ni kupiga giza sana kwa kuogopa ISO afu kuja kuangaza kwenye kompyuta, na kukata picha mpaka ibaki robo, hapo tunarudi kulekule kwenye umbali. Kama chenga sio chenga bali ni doa moja la kijivu linalokaa palepale kwenye kila picha yenye anga, ni vumbi kwenye sensa, linaonekana zaidi ukifunga f/16.

Akiruka

Kifupi. 1/2000 na zaidi, fokasi endelevu, na usimfukuze, mjue anapoondokea. Karibu kuruka ndege wengi wanachuchumaa kidogo na kuegemea upande wanaoelekea, na mara nyingi wanajisaidia kwanza. Ukiona hilo bonyeza. Kama mbawa zinatoka zimepinda ajabu kama zimeyeyuka, ni shata ya kielektroniki inayosoma sensa mstari kwa mstari wakati ubawa unaenda, rudi kwenye shata ya kawaida.

Darubini inaumiza macho

Jicho moja linaona vizuri lingine ukungu, fumba la kulia, fokasi gurudumu la kati kwa la kushoto, afu fumba la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka ilingane, unafanya mara moja tu. Unaona vivuli vyeusi vinacheza pembeni, vikombe vya macho vimekaa vibaya, mwenye miwani avishushe, asiye na miwani avipandishe. Unaona picha mbili zisizoungana hata ufanyeje, ilidondoshwa, prizimu, vile vioo vya ndani, zimehama, hiyo ni ya fundi. Na kama unaona kila kitu kinatetemeka yamkini umenunua 12x, inayokuza mara 12, ukidhani kubwa ndo bora, kwa mkono mtupu 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) inatosha bustani yoyote.

Simjui ni ndege gani, na sijui wako wangapi

Programu za simu za kutambua ndege zinakosea ukizipa picha ya mgongo. Mpige ubavu, uonekane mdomo, mstari wa jicho kama upo, mabaka ya bawa, mkia na miguu. Merlin ya Cornell Lab ni ya bure na inatambua kwa picha na kwa sauti, mradi uiambie uko wapi na ni lini, ukiacha hivyo wazi itakuletea ndege wa bara lingine. Hata hivyo usiiamini moja kwa moja, linganisha mwenyewe. Kinachowachanganya wengi ni kudhani wamepata aina tatu wakati ni baba, mama na kinda, madume mengi yana rangi wakati majike na vijana ni kahawia tu, kwa hiyo kabla ya kusherehekea aina mpya angalia mdomo, umbo la mdomo halidanganyi kama rangi.

Kuhesabu nako kuna mtego, shomoro anakuja, anaondoka, anakuja, umeandika ishirini kumbe ni watano. Kule Uingereza RSPB, shirika la kulinda ndege, wanaendesha hesabu ya ndege wa bustani tangu 1979 na kanuni yao ni rahisi, unakaa saa moja, unaandika idadi kubwa zaidi ya aina hiyo uliyoiona kwa mpigo mmoja, sio jumla ya waliopita. Wakija watatu, baadaye watano, baadaye wawili, jibu ni watano. Hata ukiwaona dume na jike kwa nyakati tofauti na rangi zao zinatofautiana, hapo unajua ni wawili, ila kwenye karatasi ya hesabu hiyo bado unaandika mmoja.